Kioo Kimebeba Lawama Isiyo Yake

*Nyunzu wachapaji wanalalamikia macho, na lawama zote zinaiendea kompyuta. Wataalamu wanataja washitakiwa wengine: umri, machozi yanayokauka, na miwani ya kusomea isiyofika.*

Na Mwandishi Wetu, Nyunzu

Saa kumi na moja jioni jenereta linazimwa, na mchapaji anafumba macho kabla hata hajafunga kompyuta. Anayakandamiza kwa viganja, anatulia, kisha anayafumbua polepole. Barabara iliyo mbele ya mlango, ambayo asubuhi aliiona vizuri, sasa ina ukungu. Atakaa kwenye benchi la nje dakika kumi hivi, mpaka sura za wapita njia zirudi kuwa sura.

Amechapa tangu asubuhi. Kazi ya leo ni orodha ya wanafunzi: majina matatu kwa kila mtoto, mwaka wa kuzaliwa, jina la mzazi. Kiti amekisogeza nyuma hadi mikono imenyooka, na karatasi ya kunakili ameiegemeza mbali kidogo, kama mtu anayeiogopa.

Katika burotiki, kama tunavyoviita huku vyumba vya kuchapa na kurudufu, malipo ni kwa ukurasa. Mikono ikisimama, na pesa imesimama.

Wateja wake hawakosi maelezo. Ni mionzi, wanamwambia. Kompyuta inamla macho kidogo kidogo, na siku moja itayamaliza. Mmoja amemuuzia miwani yenye vioo vya manjano iliyotoka Kalemie. Mwingine amempa kichupa cha dawa ya matone kilichobaki baada ya mwanawe kupona. Yeye ana miaka 46 na watoto wanne shuleni. Kinachomnyima usingizi si maumivu. Ni swali moja tu: nikiendelea, nitapofuka?

Nimelibeba swali hilo kwa wiki kadhaa. Hakuna ushahidi kwamba kompyuta inapofusha. Lakini mateso yake ni ya kweli, na yana dawa ambayo hakuna aliyemtajia.

Mji wa reli na jenereta

Nyunzu ni moja ya maeneo sita ya utawala ya jimbo la Tanganyika. Mengine ni Kalemie, Moba, Manono, Kabalo na Kongolo. Jimbo lenyewe lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa. Mji umekaa kwenye reli ya kilomita 273 kutoka Kabalo hadi Kalemie, ambayo Wabelgiji waliifikisha ziwani mwaka 1915.

Kwa miaka mingi karatasi za mji zilipigwa kwa taipureta. Sasa zote zinapita kwenye kioo: orodha za walimu, ripoti za chanjo, barua za ofisi, majina ya familia zilizokimbia mapigano. Wasio na kompyuta wana simu, na simu nayo ni kompyuta ndogo yenye herufi ndogo zaidi.

Umeme ndio kikwazo. Katika Kongo nzima, karibu mtu mmoja tu kati ya watano anaupata, na vijijini ni wachache mno. Kompyuta hapa inaishi kwa jenereta au kwa paneli za jua.

Na hili linagusa macho moja kwa moja. Ili betri idumu, watu hupunguza mwanga wa kioo hadi mwisho. Herufi zinafifia, jicho linakaza, uso unasogezwa mbele. Mchana mlango huachwa wazi kwa sababu ya joto, na jua la barabarani linaangukia kioo. Mchapaji huyo huyo anapambana na giza la kioo na mwako wa jua kwa wakati mmoja.

> *Betri inaokolewa, macho yanalipa.*

Jicho linapoacha kupepesa

Mtu mwenye utulivu hupepesa macho mara 15 hadi 20 hivi kwa dakika. Akikazia kioo, idadi hiyo hushuka hadi nusu, pengine theluthi. Tena hata anapopepesa, mara nyingi kope hazikutani. Zinashuka nusu na kurudi juu.

Kupepesa si mapambo. Kila kope inaposhuka hutandaza upya utando mwembamba wa machozi juu ya jicho. Ndani ya utando huo kuna ute unaoshika jicho, maji, na juu yake mafuta kidogo yanayotoka kwenye tezi za kingo za kope ili maji yasikauke. Kope zisipokutana, mafuta hayatandazwi, maji yanakauka, na uso wa jicho unabaki na mabaka makavu. Hapo ndipo kuwasha, kuchoma na ukungu vinapoanzia. Ajabu yake ni kwamba jicho kavu linaweza kutiririsha machozi: limekereketa, linajitetea.

Sasa weka juu yake vumbi la kiangazi, moshi wa makaa kutoka jikoni la jirani na feni inayompulizia mchapaji usoni.

La pili ni misuli. Ili kuona kitu cha karibu, msuli mdogo ulioizunguka lenzi ndani ya jicho hukaza, na lenzi hujikunja iwe nene. Kitu kikienda mbali, msuli hulegea. Anayetazama kioo kwa saa nane ameukaza msuli huo saa nane. Jaribu kubeba ndoo ya maji bila kuitua hata mara moja.

Chama cha wapimaji macho cha Marekani kimeyakusanya mateso haya chini ya jina moja, dalili za macho zitokanazo na kompyuta: uchovu wa macho, kichwa kuuma, ukungu, ukavu, shingo na mabega kukaza. Anayekaa mbele ya kioo saa mbili au zaidi mfululizo kila siku yumo hatarini.

Dalili hizi huondoka mtu akipumzika. Hazitoboi jicho, haziliozeshi, wala haziachi kovu.

Hofu iliyotoka chumba cha habari

Basi hadithi ya mionzi imetoka wapi? Kwa aibu ya wenzangu, mojawapo ya chemchemi zake ni gazeti.

Mwaka 1977 wahariri wawili vijana wa The New York Times, waliokuwa wakifanya kazi mbele ya vioo vipya vya kompyuta, waligunduliwa kuwa na mtoto wa jicho. Chama cha wafanyakazi kilikuja juu. Wataalamu wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini walikwenda na vipimo vyao. Hawakukuta mionzi ya kiasi cha kudhuru. Hofu ilikuwa imeshatoka mlangoni.

Mwaka 1983 Baraza la Utafiti la Taifa la nchi hiyo lilitoa ripoti nzima kuhusu vioo, kazi na macho. Halikuona ushahidi kwamba vioo vyenyewe vinaharibu jicho. Matatizo, lilisema, yanatokana na namna kazi ilivyopangwa: mwanga mbaya, kiti kibaya, herufi zisizosomeka, saa zisizo na mapumziko.

Vioo vya wakati ule vilikuwa masanduku makubwa ya mirija. Vya leo ni vyembamba na havina mirija hiyo kabisa. Lakini hofu imesafiri miaka zaidi ya arobaini hadi Nyunzu bila kuchoka.

Miwani ya manjano

Hofu hiyo siku hizi imevaa jina jipya, mwanga wa buluu, na imepata wafanyabiashara. Wanaouza miwani ya kuzuia mwanga huo wanasema unaunguza ndani ya jicho. Mnunuzi huambiwa avae manjano, alale salama.

Upande wa pili wa mabishano uko wazi. Chuo cha madaktari wa macho cha Marekani hakipendekezi miwani maalumu kwa watumiaji wa kompyuta. Mwaka 2023 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipitia majaribio 17 na kuona kwamba huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho, angalau kwa muda mfupi, ikilinganishwa na miwani ya kawaida.

Mwanga wa buluu upo, tena mwingi kuliko wote unatoka juani. Mkulima wa mihogo anayelima asubuhi mpaka adhuhuri anapokea mwingi kupita kiasi chochote kinachotoka kwenye kompyuta ya burotiki.

Wauzaji wana hoja moja yenye nguvu: mwanga wa kioo usiku huuchelewesha usingizi, kwa kuwa ubongo huudhania ni mchana. Ni kweli. Ila dawa yake ni kuiweka simu kando kabla ya kulala, na hilo halina bei.

Mbaazi na jua

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nilielewa maana yake nikiwa kwenye benchi la burotiki.

Mimi nimevuka hamsini. Mfukoni nina miwani ya kusomea, ile ya kawaida isiyoandikwa na daktari. Nilipokuwa naandika, mchapaji alinyoosha mkono akiwa na simu yake, akaisogeza mbali, mbali zaidi, akajaribu kusoma ujumbe. Nilimpa miwani yangu. Aliivaa kwa kusitasita, akatazama simu, akairudisha karibu na kifua, akanyamaza. Kisha aliingia ndani, akachukua ile orodha ya wanafunzi na kusoma majina ya ukurasa mzima bila kusimama. Aliniita papa, akaniuliza kama miwani hii ni ya dawa.

Si ya dawa. Ni kioo kinachofanya kazi ambayo lenzi yake mwenyewe imeanza kushindwa. Kila binadamu, akikaribia au kupita miaka 40, lenzi yake huanza kukakamaa. Msuli unakaza, lenzi haijikunji vya kutosha, herufi za karibu zinapotea. Si ugonjwa, ni umri, kama mvi. Mpiga taipureta wa zamani alipofika umri huo naye alisogeza karatasi mbali, wala hakuwa na mionzi ya kulaumu.

Kompyuta haikumletea mama huyu tatizo. Ilimfichulia. Anayelima au kuuza samaki anaweza kuishi miaka mingi bila kujua, kwa sababu kazi yake haimdai herufi ndogo. Mchapaji anadaiwa herufi elfu kadhaa kila siku.

> *Kompyuta haikumletea tatizo. Ilimfichulia.*

Na hayuko peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 duniani hawaoni vizuri karibu kwa sababu tu hawana miwani inayowafaa.

Ukubwa wa hasara ulipimwa Assam, India, kwa wachuma majani ya chai wenye miaka 40 na kuendelea. Nusu walipewa miwani ya karibu mara moja, nusu wakasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliovaa walizidisha mavuno yao kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao. Kama miwani inamwongezea mchuma chai, itamfanyia nini anayelipwa kwa ukurasa?

Maadui wasio na umeme

Wapo watakaouliza: katika eneo lililopitia mapigano, ambako watu wanatafuta bukari ya jioni, macho ya mchapaji ni habari? Si ugonjwa wa walioshiba?

Hoja ina uzito wake, maana macho ya Nyunzu yana maadui wakubwa kuliko kioo, wala hawahitaji umeme. Kongo ni miongoni mwa nchi zilizoelemewa zaidi na upofu wa mtoni, unaoletwa na minyoo ambayo usubi hueneza kwa kuuma watu karibu na mito ya maji ya kasi. Dawa yake, Mectizan, hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu mwaka 1987, na kuimeza kila mgao unapofika kijijini ni kinga kubwa kuliko miwani ya rangi yoyote. Kuna mtoto wa jicho, ambaye hutibiwa kwa upasuaji. Kuna presha ya jicho, inayokula uwezo wa kuona kimyakimya. Kuna upungufu wa vitamini A kwa watoto, ambao sombe na mawese mekundu vinasaidia kuuzuia.

Adui mwingine ni kile kichupa cha matone. Baadhi ya dawa za macho zina steroidi. Zinatuliza wekundu haraka, na ndiyo maana hupendwa. Lakini zikitumiwa ovyo kwa muda mrefu zinaweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Mtu anakimbia upofu wa kompyuta usiokuwepo, anaufuata ule uliomo kwenye chupa. Niliona kichupa chake kimeshafunguliwa siku nyingi. Huo peke yake ni mlango wa vijidudu.

Lakini kuliita tatizo la mchapaji anasa ni kukosea hesabu. Katika orodha zile jina likikosewa herufi, mtoto anaweza kukataliwa mtihani. Tarakimu ya ripoti ya chanjo ikisomwa 3 badala ya 8, dozi zinapungua. Familia iliyorukwa kwenye orodha ya msaada inarudi mikono mitupu. Macho ya mchapaji mmoja yanabeba karatasi za mji mzima.

Nani alipe?

Ulaya ililimaliza jambo hili kwa sheria. Tangu mwaka 1990 agizo la Jumuiya ya Ulaya linampa mfanyakazi wa kompyuta haki ya kupimwa macho, na miwani ya kazi akiihitaji, bila yeye kulipa.

Kongo ina Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002, ambayo inambebesha mwajiri jukumu la matibabu ya mfanyakazi wake. Ila sheria inahitaji mwajiri. Anayelipwa kwa ukurasa ni bosi na kibarua kwa mwili mmoja. Madaktari wa macho nchini ni wachache, na wengi wao wako katika miji mikubwa kama Kinshasa na Lubumbashi. Kutoka Nyunzu hiyo ni safari ya kuuza mbuzi.

Hata hivyo, kutambua macho ya umri hakuhitaji daktari bingwa. Muuguzi aliyefundishwa, akiwa na kadi ya kusomea na miwani ya nguvu mbalimbali, anaweza kumsaidia mwenye miaka 40 na kuendelea. Kazi yake nyingine ndiyo kubwa zaidi: kumtambua yule ambaye miwani haimsaidii, na kumpeleka mbele.

Watoto na simu

Wazazi wana hofu nyingine, na hii ina msingi zaidi. Idadi ya watoto wasioona mbali inaongezeka duniani, hasa Asia ya Mashariki. Watafiti walikadiria mwaka 2016 kwamba ifikapo 2050 nusu ya watu duniani watakuwa na tatizo hilo.

Vitu vya karibu kwa muda mrefu vinatajwa. Kinachotajwa kwa uthabiti zaidi ni kukosa jua. Guangzhou, China, shule kadhaa ziliwaongezea watoto dakika 40 za kukaa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, wakati katika shule nyingine walikuwa asilimia 39.5.

Mtoto wa Nyunzu anayeteka maji na kucheza mpira wa matambara barabarani ameshapata dozi hiyo. Kazi ya mzazi ni kuhakikisha simu haimnyang'anyi.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Mwaka 1700 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliandika kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Kwa mafundi wa kazi ndogondogo zinazochosha macho alishauri wasiinamie kazi muda wote. Mara kwa mara waiache, wageuze macho kwingine. Karibu miaka 300 baadaye, mtaalamu wa California, Jeffrey Anshel, aliufupisha ushauri wa namna hiyo kuwa kanuni ya 20 tatu: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6, kwa sekunde 20.

Mjini New York mita sita hutafutwa. Nyunzu zipo mlangoni.

Mengine nayo hayadai fedha:

• Kioo kikae umbali wa mkono, sentimita 50 hadi 70, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho.

• Mlango au dirisha liwe ubavuni, si mbele wala nyuma ya mchapaji.

• Herufi zikuzwe wakati wa kuchapa. Zirudishwe ndogo wakati wa kutoa karatasi.

• Mwanga wa kioo ulingane na mwanga wa chumba. Kama betri haitoshi, punguza saa, usipunguze mwanga.

• Pepesa kwa makusudi, kope zikutane. Feni isipulize usoni.

• Usitie jichoni dawa ya mtu mwingine, maji ya majani wala maziwa.

• Jicho jekundu lenye maumivu makali, kuona kunakopungua ghafla, au mboni inayogeuka nyeupe: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mchapaji alikigeuza kiti chake mimi nikiwa bado pale. Mlango ukawa ubavuni, mwako ukaondoka kwenye kioo, na karatasi ya kunakili akaisimamisha kando ya kioo, kwa umbali uleule. Kisha alinirudishia miwani, akaifuta kwanza kwa upindo wa kitenge, na kuuliza inapatikana wapi.

Kalemie, nilimjibu. Sokoni.

Alitazama ile ya manjano iliyolala mezani karibu na kichupa cha matone. Nayo ilitoka Kalemie.